Dawa ya mwembe haifuati kalenda

Mwembe wa Mbeere, kule Embu, huchanua wakati mgumu. Maua hutoka kati ya Julai na Septemba, miezi ambayo mawingu ya Mlima Kenya hushuka na kutanda juu ya Embu na Meru, asubuhi majani yanadondosha umande na jua halichomozi vizuri mpaka saa nne au saa tano. Maua yakinusurika na matunda machanga yakaanza kunenepa, Oktoba inabisha hodi na mvua ya vuli. Mti huo basi hupitia vipindi viwili vya unyevu kabla ya mavuno, cha kwanza kikila maua na cha pili kikila matunda.

Mwenye shamba hujibu kwa pampu ya mgongoni. Dawa hupigwa leo, hupigwa tena baada ya siku 14, kisha tena, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa na muuzaji wa agroveti na ndivyo jirani anavyofanya. Sehemu za chini za Mbeere, kama Kiritiri na Ishiara, hata maji ya kuchanganyia dawa hubebwa na punda au hununuliwa kwa mtungi. Kibarua analipwa, dawa inalipwa, na bado msimu unaweza kuisha maua yakiwa yamekauka mtini. Ninaamini kalenda ndiyo inayowaangusha wakulima hawa, na kwamba wana haki ya kupewa kipimo bora kuliko hicho: idadi ya saa ambazo jani, ua na tunda vilikaa vimelowa, na joto lilivyokuwa katika saa hizo.

Tuanze na chule, ugonjwa unaoletwa na kuvu za jamii ya Colletotrichum. Mbegu zake, ndogo zisizoonekana kwa macho, hukaa kwenye vijiti vikavu, majani yaliyoungua na mabaki ya vikonyo vya msimu uliopita. Tone la mvua likigonga kijiti hicho hurusha mbegu hizo hadi kwenye ua au tunda lililo karibu. Hapo ndipo saa zinapoanza kuhesabiwa. Jani likikauka upesi, nyingi hufa. Jani likibaki limelowa, au hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 95 na zaidi, mbegu huchipua na kutoa kijimrija chembamba, na kwenye ncha ya kijimrija hicho huota kifundo cheusi kinachojigandisha juu ya ganda la tunda na kulitoboa. Kazi hiyo huenda vizuri zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 30, nayo huhitaji saa nyingi mfululizo. Jua likiwaka na jani likakauka kabla ya kifundo kukomaa, tunda limepona.

Kinachouma zaidi ni kwamba embe bichi halionyeshi lolote. Kuvu hupenya kidogo tu, hujificha chini ya ganda na kusubiri tunda liive. Ndiyo maana embe huondoka Siakago likiwa safi, likasafiri hadi Soko la Wakulima jijini Nairobi, na siku chache baadaye likaanza kutoka madoa meusi mikononi mwa mchuuzi. Dalali akirudi msimu unaofuata hushusha bei na kulaumu makreti, lori na wapakiaji, ilhali maambukizi yalitokea usiku mmoja wa Novemba, wiki nyingi kabla ya tunda kuchumwa. Dawa inayopigwa baada ya doa kuonekana imechelewa. Aliyetaka kuliokoa tunda hilo alipaswa kujua habari za usiku ule wa Novemba mapema, au angalau asubuhi yake.

Ua hilohilo lina adui mwingine, ubwiriunga, ule unga mweupe unaofunika vikonyo hadi maua yanakauka na kupukutika. Huu hauhitaji maji juu ya ua, na mvua kubwa hata huuosha. Hupenda siku kavu zenye usiku wa baridi na hewa nzito, na mbegu zake husafirishwa na upepo. Kwa hiyo Agosti moja yenye mawingu makavu huleta ubwiriunga, na Agosti nyingine yenye manyunyu huleta chule, katika shamba lilelile. Ubwiriunga hutibiwa kwa salfa, chule kwa dawa za shaba na nyinginezo. Salfa nayo ikipigwa wakati wa joto kali huunguza maua. Mkulima asiyejua hewa ya shamba lake ilikuwaje wiki hiyo hupiga dawa aliyoizoea, au huchanganya zote mbili kwa wasiwasi, na mara nyingine anapigana na adui ambaye hayupo. Aina ya mwembe nayo ina neno lake. Tommy Atkins huvumilia magonjwa haya kwa kiasi fulani, lakini embe la Apple, ambalo walaji wa Nairobi wanalipenda kuliko mengi, hushambuliwa upesi, na Ngowe nayo haiuwezi ubwiriunga.

Mtu anaweza kusema kwamba vipimamvua viko tele mashuleni na katika ofisi za kilimo. Ni kweli, na ni hazina. Lakini kipimamvua husomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi, na kinachoandikwa ni milimita zilizonyesha katika saa 24 zilizopita. Hakisemi zilinyesha kwa namna gani. Mvua ya milimita 20 ikipiga saa tisa alasiri, jua likarudi saa kumi na upepo ukavuma, majani ya mwembe yanaweza kuwa makavu kufikia saa kumi na moja. Hizo ni saa mbili tu za kulowa, na chule haijapata nafasi. Usiku mwingine manyunyu ya milimita moja huanza magharibi, ukungu ukafuata, na majani yasikauke mpaka asubuhi. Daftari la mvua litaonyesha siku ya kwanza kuwa ndiyo ya hatari. Shambani mambo ni kinyume kabisa.

Elimu hii si mpya wala haikuja na simu za mkononi. Mwaka 1944, W. D. Mills wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha jedwali la ugonjwa wa ukoko wa matofaa. Upande mmoja aliweka joto, upande mwingine saa ambazo majani yamelowa. Kwenye joto la nyuzi 20 hivi, saa 9 zinatosha kuanzisha ugonjwa. Kwenye nyuzi 10 zinahitajika takriban saa 14. Mkulima wa matofaa aliweza kuketi mezani na penseli akaamua kama atatoka na pampu au atabaki nyumbani. Mashine za leo zinazotuma onyo kwenye simu bado zinafanya hesabu ya aina hiyohiyo. Kwa maembe, watafiti wa Australia walitengeneza hesabu inayofanana na hiyo katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kukafanyika utafiti wa namna hiyo Ufilipino.

Hata sisi tunayo historia yetu, na imo ndani ya kahawa, mti wa matunda ambao Embu na Meru wanaujua kuliko mwingine. Serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Embu, Meru na Kisii kuanza kupanda kahawa katika miaka ya 1930, wakati chulebuni, ambayo wakulima huiita CBD, ilikuwa tayari imeonekana nchini tangu 1922. Ugonjwa huu huozesha buni zikiwa bado changa, na usipodhibitiwa katika mwaka mbaya unaweza kumaliza sehemu kubwa ya mavuno. Miaka ya 1960, F. J. Nutman na F. M. Roberts, wanasayansi waliofanya kazi hapa Afrika Mashariki, walionyesha kwamba mbegu za kuvu hii huchipua kwenye maji tu, katika joto la kati ya nyuzi 15 na 30, na kwamba saa tano hivi za kulowa zinaweza kutosha. Walichunguza pia kutu ya majani ya kahawa wakakuta kwamba mwanga huzuia mbegu zake kuchipua. Kwa maneno mengine, kutu hufanya kazi yake usiku.

Ushauri uliotolewa wakati huo ulikuwa kunyunyiza dawa mapema, kabla ya mvua ya masika kuanza, ili kuua kuvu kwenye maganda ya matawi kisha msimu upite salama. Ulikuwa ushauri wa kalenda. Katika miaka ya mvua nyingi ya 1967 na 1968 ratiba hiyo ilishindwa, chulebuni ikatamba mashambani. Kufikia 1971 watafiti Griffiths, Gibbs na Waller walikuwa wanaeleza wazi kwamba buni zinahitaji kulindwa katika kipindi chote cha mvua, wakati zinapopanuka, maana hapo ndipo zinaposhikwa. Buni huwa dhaifu zaidi kati ya wiki ya 4 na ya 14 hivi baada ya maua. Kisha wakulima wakapiga dawa za kupenya za kundi la benzimidazoli kwa wingi, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 kuvu ikajenga usugu dhidi yake. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kikatoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, zote zikiwa na kinga, na ni baraka kubwa. Hata hivyo SL28 na SL34, zilizotokana na maabara ya Scott, bado zimesimama katika mashamba mengi ya Runyenjes, Manyatta na Imenti. Watu wanazipenda kwa ladha yake, na kung'oa mti aliopanda babu si jambo la siku moja.

Huku kwetu mteremko wa Mlima Kenya wenyewe unazidisha ugumu. Kaunti ya Embu inaanzia mita 515 kwenye Mto Tana na kufika mita 5,199 kwenye kilele cha Batian. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6. Ndiyo maana chulebuni huuma zaidi kwenye mashamba ya juu, yaliyo karibu na msitu na chai, huku kutu ikisumbua zaidi mashamba ya chini yenye joto. Michungwa inatoa mfano mwingine. Ule ugonjwa unaofanya machungwa yabaki kijani upande mmoja na majani yawe na madoa ya njano huenezwa Afrika na kidudu kidogo chenye mabawa, Trioza erytreae. Mayai na watoto wa kidudu hiki hufa kwa joto kavu, na bakteria wanaosababisha ugonjwa huo hawapendi joto kali. Kwa sababu hiyo michungwa ya nyanda za juu iliathirika vibaya kuliko ile ya tambarare. Ukijua joto na ukavu wa hewa wa mahali, unaweza kukadiria kama kidudu kitazaana hapo kabla ya kununua mche wa kwanza. Avokado nayo, ambayo sasa imeenea Meru na Embu, hudhurika kwanza chini ardhini: kiumbe kinachofanana na kuvu, kiitwacho Phytophthora, huozesha mizizi maji yanapotuama kwenye udongo. Hapo kipimo muhimu ni unyevu wa udongo, na tiba ya kwanza ni mtaro.

Kwa hiyo utabiri wa kaunti nzima hauwezi kumtosha mtu. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku, wa wiki, wa mwezi na wa msimu, na kaunti zina ofisi zake za hali ya hewa. Kabla ya kila msimu, katika kaunti nyingi, maafisa na wakulima huketi pamoja kuutafsiri utabiri kuwa ushauri. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, ambalo lina kituo mjini Embu, lina jukwaa la mtandaoni liitwalo KAOP ambapo mtu anaweza kuangalia hewa ya wadi yake. Kuna pia mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na Nick van de Giesen wa Delft, Uholanzi, na John Selker wa Oregon, Marekani, ambao umesimamisha mamia ya vituo vidogo vya kujiendesha barani Afrika, vingi vikiwa katika viwanja vya shule, wanafunzi wakivitunza na kujifunza navyo. Satelaiti nazo zinatupa kumbukumbu za mvua tangu 1981, kwa vipande vya kilomita tano hivi.

Utabiri wa msimu una kazi yake na si ndogo. Agosti 2023, ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD kilichoko Ngong, kilitangaza kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zingezidi kawaida kwa sababu ya El Niño, na kweli zilizidi. Mkulima wa maembe aliyeusikia utabiri huo alikuwa na wiki kadhaa za kupogoa matawi yaliyosongamana, kukusanya vijiti vikavu na kuvichoma, na kununua dawa kabla bei haijapanda. Lakini neno “mvua itazidi kawaida” halimwambii ni usiku gani atoke. Ujumbe wa simu unaosema “manyunyu yanatarajiwa maeneo ya juu” haumwambii kitu zaidi ya anachokiona dirishani. Data nyingi za saa kwa saa zimekusanywa tayari, katika vituo vya kujiendesha. Tatizo ni kwamba zinamfikia mkulima zikiwa milimita, na kuvu hazisomi milimita.

Wakati tukisubiri data hizo zigeuzwe kuwa saa za kulowa, kuna jambo linaloweza kufanyika kwa gharama ndogo. Chukua vipimajoto viwili vinavyofanana, uvitundike kivulini kwa urefu wa matawi, mbali na ukuta wa nyumba. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kifunge kitambaa cha pamba ncha yake, na ncha ya kitambaa iingie kwenye kikopo cha maji safi. Soma vyote viwili jioni, kabla ya kulala na alfajiri. Hewa ikiwa kavu, chenye kitambaa kitashuka chini sana. Usiku wa nyuzi 16 au 17, tofauti ya nyuzi moja ina maana kwamba unyevu wa hewa uko karibu asilimia 90, na tofauti ya nusu nyuzi ni karibu asilimia 95. Andika na saa ambayo majani yamekauka asubuhi, kwa kuyashika kwa mkono. Baada ya msimu mmoja utakuwa na daftari la shamba lako ambalo hakuna satelaiti inayoweza kukupa.

Tuseme ni Mei, Runyenjes. Manyunyu yameanza saa kumi na mbili jioni na kukoma saa nne usiku. Majani yamekauka saa tatu asubuhi. Hizo ni saa 15 za kulowa, na joto lilikuwa nyuzi 17. Kahawa ni SL28, buni zina wiki nane au tisa. Usiku huo ni wa hatari bila ubishi. Kama dawa ya shaba ilikuwa tayari imepakwa kabla ya manyunyu, shamba lina ngao. Kama haikuwepo, kuipiga sasa kutalinda usiku ujao tu, kwa maana shaba hukinga na haiponyi. Zipo dawa za kupenya zinazoweza kuzuia maambukizi yakiwa bado machanga, ndani ya siku moja au mbili, kulingana na maelezo ya kila dawa. Hizo zitumike kwa nadra na kwa zamu, tusirudie usugu wa miaka ya 1970. Na kama wiki mbili zimepita bila usiku mrefu wa unyevu, pampu ikae stoo. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi katika hesabu hii, kwa kuwa linamwachia mkulima fedha mfukoni, linampunguzia kibarua mvuke wa sumu na linapunguza mabaki ya dawa kwenye tunda ambalo mnunuzi wa Ulaya atalipima maabara kabla ya kulipokea.

Sitaki mtu adhani kwamba majedwali ya New York au Australia yanaweza kuletwa hapa na kutumika kama yalivyo. Usiku wa ikweta una saa 12 mwaka mzima, umande wetu ni mzito, na kuvu za Mbeere zinaweza kuwa na tabia zake. Lazima mtu apande miti ya majaribio Kiritiri, Runyenjes, Nkubu na Tigania, aweke vifaa vya kupima kulowa kwa majani ndani ya matawi, ahesabu madoa, arudie mwaka wa pili na wa tatu. Kituo cha KALRO Embu kipo. Chuo Kikuu cha Embu kipo, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kipo. Wanafunzi wa kilimo na wa kompyuta wanaotafuta mada za tasnifu hawana haja ya kwenda mbali.

Kwa serikali za kaunti za Embu na Meru na kwa vyama vya ushirika vya kahawa, ombi ni hili. Kila kiwanda cha kahawa kina uwanja, mlinzi na karani anayejua kuandika daftari. Wekeni hapo kituo kidogo cha hali ya hewa chenye kifaa cha kupima kulowa kwa majani, na kingine katika shule za Mbeere na Tigania zilizozungukwa na miembe. Kisha katika ujumbe wa simu mnaowatumia wakulima, ongezeni mstari mmoja kila asubuhi: jana majani yalilowa kwa saa ngapi, na kwa joto la nyuzi ngapi. Uanze kutumwa kabla ya mvua ya vuli ya Oktoba.